Mpagani wa Hiari: Uchaguzi wa Njia ya Imani katika Fasihi ya Kiswahili

Fasihi ya Kiswahili ina utajiri wa watu wanaoiacha dini ya wazee wao. Twawaona wakibatizwa, wakisilimu, wakitupa hirizi kando ya njia, wakiucheka mbuyu ambao baba zao waliuogopa. Ina utajiri pia wa watu waliozaliwa ndani ya dini hiyo, wakaishi na kufa humo pasipo kujiuliza neno. Lakini mtu wa aina ya tatu ni adimu: yule aliyezijua njia nyingine, akazipima, kisha kwa akili yake timamu akaishika njia ya mizimu na tambiko iwe njia yake. Katika karatasi hii nakusudia kuuliza kwa nini mtu huyo ni adimu katika vitabu vyetu, ilhali katika maisha ya Afrika ya Mashariki hakukosekana. Nitajaribu kuonyesha kuwa uadimu huo haukuja kwa bahati. Umetokana kwa sehemu na maneno tunayoyatumia, kwa sehemu na mazoea yetu ya uhakiki, na kwa sehemu na ugumu ulio katika jambo lenyewe.

Yafaa kusema mapema kwamba swali hili si la mhubiri. Lililo kweli na lisilo kweli katika mambo ya ghaibu si kazi ya mhakiki kulikata. Kazi yake ni kutazama kama mwandishi amempa mtu wake haki ya kuwa mtu, yaani nia, sababu, shaka na uamuzi. Mtu asiyepewa hayo katika hadithi ni kivuli, na kivuli hakisadikishi, awe kivuli cha muumini au cha mkanaji.

Na tuanze na maneno, kwa kuwa neno mara nyingi hutoa hukumu kabla ya hoja kusikilizwa. Tunayo matatu ya kumwitia mtu huyu. La kwanza ni *kafiri*, lililotoka katika Kiarabu, nalo asili yake lina maana ya afunikaye, kisha likawa la yule aikanaye kweli. La pili ni *mshenzi*, ambalo watu wa pwani walimwitia mtu wa bara aliyehesabiwa kuwa nje ya ustaarabu. La tatu ni *mpagani*, lililokuja na misheni kutoka Kilatini, ambako *paganus* alikuwa mtu wa shamba, mkaa kijijini, kabla jina halijawa la yule asiyeamini. Maneno matatu, na yote matatu ni ya mtu aliye nje akitazama ndani. Hakuna hata moja ambalo mwenye njia hiyo alijiita mwenyewe. Yeye alisema *mila*, alisema *jadi*, alisema *kutambika*. Na maneno hayo hayataji mtu wala kundi, yataja tendo na urithi.

Mkaa Goba, kama nilivyo mimi, hawezi kulipita lile neno la Kilatini pasipo kutabasamu. Kata hii, iliyokuwa ya Wilaya ya Kinondoni kabla Ubungo haijafanywa wilaya, ilikuwa shamba hasa, nchi ya mihogo, miembe na mikorosho katika eneo la Wazaramo. Kwa maana ya kwanza ya Kirumi, wenyeji wake walikuwa wapagani kamili, ijapokuwa wengi wao walikuwa Waislamu. Siku hizi mji umewafikia. Misikiti na makanisa yamejengwa, viwanja vimepimwa, na juu ya nguzo za umeme yamebandikwa matangazo ya waganga pamoja na nambari zao za simu. Mtu wa shamba amekwisha kuwa mtu wa mjini, lakini jina la shamba limebaki likimngojea siku atakapotaja imani yake.

Nalo humngojea mahali pazito. Katika kumbukumbu za mahakama zetu, shahidi huandikwa umri wake, kabila lake na dini yake. Na asiyekuwa Mkristo wala Mwislamu ameandikwa mara nyingi kwa neno hilo moja tu, mpagani, kisha ushahidi wake ukapokelewa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, iliyokuwa ya mwisho nchini kuuliza habari ya dini, takriban theluthi moja ya watu wa Tanzania Bara walihesabiwa katika dini za jadi. Watu wengi kama hao si wa kuwekwa pembeni. Hata hivyo, katika insha za wanafunzi wetu kila palipo na mzimu katika kitabu huandikwa kwamba dhamira mojawapo ni *ushirikina*, nalo jambo hufungwa hapo. Neno hilo si neno la uhakiki. Ni neno la elimu ya dini, lenye asili katika kosa la kumpa Mungu mshirika. Mwenye kulitumia katika uhakiki amekwisha kuhukumu, kisha ajidanganya kuwa amechambua.

Sasa tuvitazame vitabu vyenyewe, tukianzia kule ambako uchaguzi haukuwako.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alisoma katika seminari ya Rubya, akajua Kilatini na lugha nyingine za Ulaya, akaishi Mkatoliki mpaka kufa kwake mwaka 1981. Mtu huyu ndiye aliyeandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, kisha akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyotolewa mwaka 1980. Yasimulia nchi ya Ukerewe kabla ya misheni: mume na mke wasio na mtoto, mke kuchukuliwa na wazazi wake, mume kwenda kumkomboa kwa pombe na subira, kisha uganga, kisha watoto wawili. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Mkristo huyu hakutia katika kitabu chake dharau kwa watu wasio Wakristo. Aliwaandika kama watu wenye adabu, wenye sheria, wenye kuomba na kushukuru.

Walakini Myombekere si mtu anayechagua njia ya imani. Achagua mganga gani amwendee, achagua siku ya safari, achagua maneno ya kuwaambia wakwe. Kumwomba mizimu hakukichagui, kama vile asivyoichagua lugha anayoiomba kwayo. Katika ulimwengu wake hakuna kitu kimoja kilichotengwa kikaitwa dini, ambacho mtu aweza kukishika au kukiacha. Hapa ndipo tupatapo hatua ya kwanza ya hoja yetu: imani huwa njia ya kuchaguliwa pale tu inapoweza kuachwa. Kabla ya hapo ni hewa. Kitereza aliielewa hewa hiyo kuliko mwandishi yeyote wa Kiswahili, na kwa hiyo hakumpa mtu wake shaka asiyoweza kuwa nayo. Hilo ni uaminifu, si upungufu.

Hatua ya pili ni ile ya watu ambao kuacha kumekwisha kuwezekana, nao wairudia njia ya kale kwa sababu ya dhiki. Katika *Kufikirika* cha marehemu Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake, mfalme asiye na mtoto awakusanya waganga wa kila namna, kundi baada ya kundi, mpaka tamaa yake yafika kwenye kafara ya watu. Mwandishi awacheka waganga, lakini zaidi ya hapo aonya juu ya mtawala ambaye haja yake imemla akili. Mfalme huyu hakuchagua njia, alizijaribu zote. Mwenye kujaribu kila dawa haamini hata moja.

Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichopata zawadi ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya Ofisi ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki ya 1957 na 1958, kikatolewa mwaka 1960, mzimu una kazi nyingine. Maiti yaonekana mahali ambapo watu wahofia kupakaribia, na Bwana Msa, na kiko chake kinywani, aifuata habari kwa akili mpaka afika kwa mwanadamu mwenye hila. Kitabu hiki kilikuwa mwanzo wa hadithi ya upelelezi katika lugha yetu, na furaha yake ni furaha ya akili inayofungua fundo. Sina nia ya kumlaumu mwandishi kwa jambo ambalo hakulikusudia. Nataka tu tuone kwamba mzimu hapa ni pazia. Kwa mpelelezi, pazia halina la kusema. Lina la kufichua. Waandishi wengi waliofuata walirithi pazia hilo pasipo kurithi akili ya Bwana Msa, na hivyo tukapata hadithi nyingi ambamo kila mtambikaji ama ni mjinga anayedanganywa au ni mwerevu anayedanganya.

Basi tunao warithi, wenye dhiki, wajinga na waongo. Mchaguzi bado hajaja. Aliyemkaribia zaidi, kwa maoni yangu, ni Ebrahim Hussein katika tamthilia ya *Kinjeketile*, ya mwaka 1969.

Habari ya kihistoria yajulikana. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alishikwa na pepo, akaingia majini, akatoka, akawagawia watu maji. Wamatumbi wakang'oa pamba ya serikali huko Nandete mnamo Julai 1905. Wajerumani wakamnyonga Kinjeketile siku za mwanzo za vita, na vita yenyewe ikaendelea mpaka 1907, ikaacha njaa kubwa nyuma yake. Bwana Hussein alichukua habari hii akaitia swali ambalo wasimulizi hawakuliuliza: Kinjeketile mwenyewe aliamini nini?

Katika tamthilia, Kinjeketile hachagui kwanza, huchaguliwa. Hongo amshika pasipo kumwomba ruhusa. Hili ni jambo la kweli katika maisha yetu, na yafaa lizingatiwe. Mganga wa pwani au wa bara, akiulizwa alivyoingia katika kazi yake, ni nadra aseme, "Nilipenda." Husema aliugua, akaota, akapandwa, akakataa, akaugua zaidi, mwisho akakubali. Mwito hutoka upande wa pili. Lakini Bwana Hussein haishii hapo. Kinjeketile atambua baadaye kwamba katika ujumbe alioupokea mna jina la Seyyid Said wa Unguja, mna utawala mwingine badala ya Mjerumani, na shaka yamwingia: je, aliyesema ni Hongo, au ni mwingine? Hapo sasa ndipo achaguapo. Ajaribu kuwazuia watu, nao hawazuiliki. Na mwisho, akiwa mikononi mwa Wajerumani, atakiwa akane maji, naye akataa, si kwa sababu shaka imemwondoka, bali kwa sababu aona kwamba lile waliloliamini watu limemzidi yeye kimo, na kulikana kungekuwa kuwanyang'anya walio bado kuzaliwa.

Hiki ni kilele cha fasihi yetu, na sioni haja ya kupunguza sifa zake. Lakini tuangalie ni kitu gani alichokichagua Kinjeketile mwishoni. Alichagua umoja na uhuru, alichagua taifa. Hongo alikwisha kubaki nyuma, majini. Mwaka 1969, nchi ikiwa na miaka 8 tangu kupata uhuru, yaeleweka kwa nini mwandishi aliigeuza imani kuwa siasa, na wahakiki wote tukafurahi kuisoma hivyo. Kwa njia hii maji yalisamehewa kuwa maji kwa kuwa yalizaa taifa. Imani ya jadi ikapewa nafasi ya heshima, kwa sharti moja: iwe na faida kwa jambo lingine.

Sasa tutoke kidogo kwenye vitabu, tumtazame mtu ambaye hakuna mwandishi wa tamthilia aliyemtunga. Elijah Masinde alikuwa Mbukusu wa upande wa Kimilili, Kenya ya Magharibi. Alisoma katika misheni, alikuwa muumini katika kanisa la Marafiki, alikuwa hodari wa mpira hata akaichezea Kenya. Alipooa mke wa pili kanisa lilimtoa. Katika miaka ya 1940 alisimamisha Dini ya Msambwa, akiwaita watu wairudie ibada ya wahenga wao, na akaipinga serikali ya kikoloni kwa ukali. Serikali ilimtia katika hospitali ya wenye wazimu ya Mathari, ikamwachilia mwaka 1947. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi. Mwaka huohuo dini yake ikapigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini kwa miaka mingi. Baada ya uhuru iliruhusiwa, lakini mwaka 1968 serikali ya wananchi nayo ikaipiga marufuku. Masinde alikufa mwaka 1987.

Msomaji na alitazame jina: Dini ya Msambwa. *Msambwa* ni neno la Kibukusu, la mizimu ya wahenga. *Dini* ni neno la Kiswahili lililotoka Kiarabu. Wahenga wa Masinde hawakuwa na dini; walikuwa na msambwa. Yule aliyetoka kanisani akarudi ndiye aliyehitaji kuyaunganisha maneno hayo mawili, kwa kuwa alikuwa amekwisha kujua kwamba kuna dini nyingine, na kwamba alichokishika yeye chapaswa kusimama nazo bega kwa bega. Myombekere hakuhitaji jina. Masinde alilihitaji, na jina lenyewe ni ushahidi wa uchaguzi.

Hata nje ya Afrika mambo yamekwenda hivyo. Uingereza ilifuta mwaka 1951 sheria yake ya zamani juu ya uchawi, na mwaka 1954 Gerald Gardner akatoa kitabu kikidai kwamba ibada ya kale bado i hai. Kutoka hapo wakatokea watu walioyachukua majina ya kutukanwa, wakajiita wapagani kwa kujivuna. Katika Aisilandi mshairi Sveinbjörn Beinteinsson na wenzake waliunda mwaka 1972 jumuiya ya kuiheshimu miungu ya mababu, na mwaka uliofuata serikali ikaitambua. Watu hao walirudi kwenye njia iliyokuwa imekatika kwa karne nyingi. Walikuwa na vitabu vya kale tu, hawakuwa na bibi wa kuwaonyesha namna ya kumwaga pombe. Kwao jambo lilikuwa kuchagua hasa, kama mtu achaguavyo kitabu rafuni. Kwetu njia haikukatika. Mwenye kuirudia humkuta shangazi yake bado amekaa hapo. Tofauti hii ni kubwa, nami nitairejea.

Basi kama Masinde aliwezekana katika maisha, kwa nini hakuwezekana katika riwaya? Nafikiri jibu mojawapo laonekana kwa Euphrase Kezilahabi, Mkerewe kama Kitereza, aliyesoma katika seminari ya Nyegezi, akaandika *Rosa Mistika* mwaka 1971, na miaka ishirini baadaye *Nagona* na *Mzingile*. Katika vitabu hivi viwili vya mwisho tunaye mtafutaji kwa kweli. Msimulizi apita katika mji uliohamwa, akutana na wanafikira wa Ulaya, afuata paa asiyeshikika, asafiri kumwendea mzee mkongwe aliyejitenga na dunia. Hakuna tena kanisa linalomtosha, wala siasa inayomtosha. Kila kitu chaulizwa. Ikiwa kuna mahali ambapo mpagani wa hiari angeweza kuzaliwa katika riwaya ya Kiswahili, ni hapo.

Lakini hazaliwi, na sababu yake yatufundisha. Mtafutaji wa Kezilahabi yu peke yake. Hana mke anayemngojea, hana mjomba wa kumkemea, hana kaburi la kulifagia. Atafuta kweli kama mwanafalsafa, kwa miguu yake na kichwa chake. Na tambiko halifanywi na mtu peke yake. Lahitaji mkubwa wa ukoo, lahitaji majina ya waliotangulia yatajwe kwa mpango, lahitaji wenye kuitikia. Mtu aweza kuingia msikitini au kanisani katika mji asiomjua mtu, akapokelewa, kwa kuwa dini hizo zimejengwa kumpokea mgeni. Lakini mizimu ya ukoo haipokei wageni. Ni ya nani, na wewe ni mwana wa nani? Hapo ndipo ugumu wa jambo lenyewe: riwaya yapenda mtu mmoja anayeamua kwa moyo wake, na njia hii haiachi moyo mmoja uamue.

Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba neno *kuchagua* lenyewe latupotosha kidogo. Mtu hachagui wahenga. Aweza tu kuwaitikia au kutowaitikia. Kinjeketile wa jukwaani aliitwa. Masinde, kwa namna yake, aliitwa. Mganga anayesimulia ugonjwa wake aliitwa. Uhuru wao haukuwa katika kuita, ulikuwa katika kuitikia. Na kuitikia ni tendo lenye uzito wote ambao mwandishi aweza kuutaka: mna kukataa, mna kuchelewa, mna hofu ya kuchekwa, mna hasara ya kazi na ya jina jema. Mwandishi anayengoja shujaa wa kusimama njia panda na kunyosha kidole atangoja sana. Mwandishi atakayemsikiliza mtu akiitwa mara ya tatu atapata riwaya.

Yuko pia mtu ambaye uhakiki wetu humdharau kuliko wote, naye ni yule mwenye kushika mbili. Methali yasema njia mbili zilimshinda fisi, nasi huitumia kama hukumu ya mwisho. Marja-Liisa Swantz, aliyekaa Bunju, si mbali na hapa Goba, katika miaka ya 1960, akatoa kitabu chake juu ya ibada za Wazaramo mwaka 1970, aliwakuta Waislamu wanaowaheshimu wazee wao waliokufa na kuyatenda ya jadi katika unyago, ndoa na maziko. Hawakujiona wamepasuka katikati. Fisi wa methali alishindwa kwa sababu alikuwa na pua moja na harufu ya nyama mbili. Binadamu ana siku saba katika juma na wafu wa pande mbili. Mwandishi anayemwandika Mzaramo wa namna hiyo kuwa mnafiki, pasipo kumwuliza anajionaje, ametumia methali mahali pa kutumia macho.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni zito, wala halifai kupitwa mbiombio. Litasemwa: katika nchi ambamo vikongwe wameuawa Usukumani kwa tuhuma za uchawi, ambamo watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo, hata mwezi wa Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, je, mhakiki ataka tuwape utukufu waganga na mizimu? Je, Shaaban Robert hakufanya vizuri kuwacheka?

Alifanya vizuri, na kicheko chake bado chahitajiwa. Lakini pingamizi hili lajibiwa na Kiswahili chenyewe, ambacho hakikosei kama wahakiki wakosavyo. Lugha yetu yatenga *mganga* na *mchawi*. Yatenga *tambiko* na *ulozi*. Yatenga *mzimu* na *jini la kutumwa*. Mwingereza wa Gardner aliweza kuliokota neno la uchawi akalifanya pambo. Mswahili hawezi, kwa sababu katika kinywa chake neno hilo lina damu. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika, ya mwaka 1928, ilitungwa na watawala waliotazama mambo haya kutoka nje, na uhakiki unaoandika *ushirikina* juu ya kila kitu watazama kutoka palepale. Asiyewatenga watu hao wawili hamsaidii kikongwe wa Usukumani. Amuumiza, maana katika macho yake bibi anayewatajia wajukuu majina ya wafu na mtu anayenunua mfupa wa mtoto ni wamoja. Mtambikaji wa kweli katika riwaya angelazimika kusimama mbele ya mpiga ramli na kumkataa. Mandhari hiyo, ya mwenye mila akimkataa mwuaji kwa jina la mila, sijaisoma bado katika Kiswahili, nami naamini ina nguvu ya kufundisha kuliko hotuba 100 za kukashifu ujinga.

Tena liko jambo la haki. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, yampa kila mtu uhuru wa imani, na uhuru wa kuibadili. Haisemi kwamba kubadili ni kwenda mbele tu, kutoka mizimuni kuelekea msikitini au kanisani. Lakini fasihi yetu imeandikwa kana kwamba ibara hiyo ina mshale wa kuonyesha upande mmoja. Mwanafunzi aliyelelewa na mtambikaji afika chuoni, apewa karatasi ya kujaza, aikuta nafasi ya dini, naye aandika dini ya jirani yake. Halazimishwi na sheria. Alazimishwa na kutojua neno la kuandika lisilomtukana bibi yake. Ndipo asomapo vitabu vyetu, na humo pia hamkuti bibi huyo ila akiwa pazia, kichekesho, au mzizi wa taifa. Kisha afundishwa kumwandikia *ushirikina*, na akiandika vizuri apata alama.

Kwa hiyo naona mambo matatu yawapasa wahakiki. Kwanza, tuliache neno *ushirikina* kwa wanazuoni wa dini, ambao wana haki nalo, nasi tutaje katika uhakiki tendo lenyewe: ametambika, ameagua, amepiga ramli, ameloga. Pili, tumwulize kila mwandishi kama mtu wake mwenye mila amepewa sababu, kama tunavyouliza juu ya padri au shehe. Tatu, tumsome upya Kitereza. Wengi wamemsifu kama mweka hazina ya mila, na hivyo wakamweka kabatini. Wamesahau kuwa yeye, Mkatoliki mwenye msimamo, ndiye aliyeonyesha kwamba mtu aweza kuishika njia yake mwenyewe barabara na bado akamwandika mwenye njia nyingine kwa adabu.

Kwa waandishi sina amri, nina ombi. Kati ya Myombekere ambaye hakujua kwamba aweza kuacha, na msafiri wa *Nagona* ambaye hana wa kumrudia, pana nafasi kubwa iliyo wazi. Hapo yumo karani wa mjini aliyebatizwa, anayejua kusoma, anayelipa kodi, ambaye usiku wa tatu mfululizo amemwota babu yake, na asubuhi yapasa aamue kama ataitikia. Ataogopa mchungaji wake, ataogopa wenzake wa kazini, ataogopa zaidi kwamba labda ni ndoto tu. Na akiitikia, atalazimika kupiga simu kijijini kuuliza maneno yasemwayo, kwa sababu hayajui. Kimya chake kabla shangazi hajaipokea simu hiyo chaweza kuwa mwanzo wa kitabu ambacho fasihi ya Kiswahili bado haina.